Bati letu la Kyerwa litatengeneza solar?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi niko Kyerwa, Kagera, huku kwetu watu wanachimba bati, sasa kuna kijana kaja na stori kwamba kuna solar mpya inatengenezwa kwa bati na shaba, silikoni ya paneli za kawaida haina kazi tena. Nilikuwa najipanga kununua paneli ya nyumbani, je nisubiri hiyo? Na bati letu litapanda bei?

JIBU: Salama ndugu yangu. Paneli nunua tu, usisubiri. Ila kijana hajakudanganya, hiyo kitu ipo, inaitwa kesteraiti, ni shaba, zinki, bati na salfa, na Wajapani wa Chuo Kikuu cha Shinshu walionyesha tangu 1988 kwamba inatoa umeme ikipigwa na mwanga. Uzuri wake inakamata jua haraka sana, yaani silikoni inataka unene kama wa nywele mbili hivi ila hii mikroni 2 (elfu mbili tu za milimita, yaani 0.002) zinatosha, unaipaka juu ya kioo kama rangi, na malighafi zake hazina uadimu wa indiamu na teluriamu, elementi adimu zinazotumika kwenye paneli nyingine nyembamba.

Ishu iko ndani kabisa. Atomu ya shaba na ya zinki zinakaribiana sana ukubwa, kwahiyo wakati wa kuoka zinabadilishana viti, shaba inakaa pa zinki na zinki pa shaba, na umeme ukipita hapo unanasa, volti zinashuka. Kampuni ya IBM walifika kugeuza asilimia 12.6 ya nguvu ya jua kuwa umeme mwaka 2013 kwa kuongeza seleniamu, elementi inayofanana na salfa, halafu rekodi ikaganda miaka mingi, inaumiza ukiifuatilia. Sasa hivi maabara zimevuka 14 lakini kwa kipande kidogo kuliko kucha, wakati paneli ya silikoni dukani inatoa 20 na zaidi.

Kuhusu bati, nimepiga hesabu: mita moja ya mraba ya hiyo paneli inakula bati gramu 2 na nusu hivi, yaani kidonge cha ukubwa wa punje moja ya haragwe! Kwahiyo bei msiitegemee huko. Ila hiyo silikoni utakayonunua tayari ina bati, angalia zile nyaya bapa zinazong'aa chini ya kioo, mara nyingi zimepakwa risasi ya kulehemu, na ile ni bati lililochanganywa na risasi.