Kama Unashabikia Pirates, Isome Milwaukee Vizuri

Msimu wa 2025 wa besiboli ya Marekani uliisha Milwaukee Brewers wakiwa na ushindi 97, wengi kuliko timu nyingine yoyote katika ligi nzima. Pittsburgh Pirates, walio nao kundi moja la timu tano, walishinda mechi 71, wakapoteza 91, wakashika mkia. Mimi naishi Pittsburgh na naishabikia Pirates. Shemeji yangu anaishi Milwaukee. Basi hesabu hiyo naletewa kwa simu tangu Aprili mpaka Oktoba.

Wenzangu waliohamia huku na kuanza kuupenda mchezo huu huniuliza nawezaje kuendelea na timu ya namna hii bila kuichoka wala kuugua nayo. Ninachowajibu ni hiki: msiogope kulinganishwa na Milwaukee. Wengi hapa hawataki hata jina la mji huo litajwe. Mimi naona ndiyo hoja nzito kuliko zote tulizo nazo.

Kila tunapolalamika tunaambiwa Pittsburgh ni mji mdogo, hauna fedha za New York wala Los Angeles. Ni kweli hauna. Lakini Milwaukee ndilo soko dogo kuliko yote katika ligi, na timu yake imeongoza kundi mwaka 2018, 2021, 2023, 2024 na 2025. Pirates wako katika kundi hili tangu 1994 na hawajawahi kuliongoza hata mara moja. Ukijilinganisha na Dodgers wa Los Angeles utapewa sababu ya fedha na mazungumzo yataishia hapo. Ukijilinganisha na Milwaukee, sababu hiyo haisimami.

Na Milwaukee nao huondokewa na nyota wao. Josh Hader aliuzwa San Diego mwaka 2022, Corbin Burnes akapelekwa Baltimore mapema 2024, Devin Williams akaenda Yankees wa New York mwishoni mwa mwaka huohuo. Hata kocha wao, Craig Counsell, alihamia Chicago Cubs baada ya msimu wa 2023, na Cubs wako kundi hilihili. Walichofanya ni kumpandisha msaidizi wake, Pat Murphy, naye akachaguliwa kocha bora wa Ligi ya Taifa, nusu ya ligi kuu tunamocheza sisi na wao, mwaka 2024, kisha tena 2025. Sisi tulipowaachia watu, tulibaki na majuto. Julai 2018 Pirates walimchukua mrushaji Chris Archer kutoka Tampa Bay kwa kuwatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz, vijana watatu kwa mtu mmoja. Mpaka leo ukilitaja jina la Archer katika basi la kwenda uwanjani utasikia watu wakiguna.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya Quinn Priester, naye mrushaji, yaani anayemrushia mpira mpigaji, na ushindi au kipigo huandikwa kwa jina lake. Timu hugawana vijana kila mwaka kwa kuchagua kwa zamu, na Pirates walimchagua katika zamu ya kwanza mwaka 2019, akiwa kijana wa sekondari. Wakamlea, hakukaa sawa, na Julai 2024 wakampeleka Boston. Aprili 2025 Milwaukee wakamchukua kutoka huko, na msimu huo alishinda mechi 13, akapoteza 3 tu. Alikuwa mikononi mwetu miaka mitano. Ukiijua habari hii hutapiga tena kelele za jumla jumla. Utauliza nani anawafundisha vijana wetu, na anawafundisha nini.

Nasisitiza hasira yenye shabaha kwa sababu nimeiona ikifanya kazi. Mwanzoni mwa msimu wa 2025 klabu iliiondoa namba 21 ya Roberto Clemente kwenye ukuta wa upande wa kulia wa uwanja wa PNC Park, ikaweka tangazo la pombe. Clemente ni nyota wa zamani wa Pirates, mtu wa Puerto Rico, aliyefariki Desemba 31, 1972, ndege yake ilipoanguka akipeleka misaada kwa waliokumbwa na tetemeko la ardhi Nicaragua. Ukuta wenyewe ulijengwa na urefu wa futi 21 kwa heshima yake. Familia yake ikasema, mashabiki wakasema, na namba ikarudishwa. Majira hayohayo uwanja mzima ulikuwa ukiimba "uza timu," na mpaka msimu unaisha timu ilikuwa haijauzwa. Sisemi watu wasiimbe. Mimi mwenyewe naimba, na naamini kila neno ninaloimba. Nasema tu kwamba dai la ukuta lilikuwa na mahali, na kila mtu alijua likitekelezwa litaonekanaje.

Jambo la pili ni kujua hasira yako inaenda kwa nani. Mrushaji wetu Paul Skenes aliruhusu mwaka 2025 wastani wa mikimbio (ndiyo pointi za besiboli) 1.97 tu kwa kila raundi tisa, yaani mechi nzima, akapewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, kwa kura zote. Rekodi yake ilikuwa kushinda 10 na kupoteza 10! Kijana anawazuia wapinzani kiasi hicho na bado nusu ya matokeo yake ni vipigo, kwa sababu timu yake ilifunga mikimbio michache kuliko timu zote za ligi. Ukimzomea mchezaji anapotoka uwanjani, unamzomea mtu ambaye hakuchagua wenzake wala hakupanga bajeti. Mtoto wako akikuona ukifanya hivyo, naye atafanya.

Tuliokulia Tanzania kuna jambo moja linatupiga chenga. Kwetu timu ikiburuza mkia hushuka daraja, na hofu hiyo humkosesha usingizi kiongozi. Huku hakuna kushuka. Timu dhaifu inapata mgao wa mapato ya ligi na nafasi nzuri ya kuchagua vijana. Pirates walichagua wa kwanza mwaka 2021, na tena 2023 walipomchukua Skenes. Kwa hiyo usisubiri ligi imwadhibu mwenye timu. Shinikizo litatoka kwa watu wanaonunua tiketi.

Kuhusu tiketi, mimi sinunui za msimu mzima. Nachagua siku, kwa kawaida siku anayorusha Skenes, na nasindikizana na watu ninaopenda kukaa nao. Fedha ninayobakiza naipeleka Altoona, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, inakochezea timu ya vijana wa Pirates. Kule unakaa karibu kabisa na uwanja, mtoto anasalimiana na wachezaji, na unajionea mwenyewe kama kuna mpigaji anayekuja. Kwa shabiki aliyekata tamaa, siku moja Altoona inasaidia kuliko mwezi mzima wa kusoma msimamo wa ligi.

Na msimamo wenyewe usome mara moja kwa wiki. Mechi ni 162. Ukiumia kila siku utamaliza nguvu kabla ya Juni, na watu wa nyumbani ndio watakaolipa.

Mtani naye usimkate. Agosti 12, 2025 Milwaukee walitupiga 14 kwa 0, Skenes akiwa ndiye aliyeanza kurusha, katikati ya mfululizo wao wa ushindi 14. Simu ikaita.

"Shemeji, mmekula ngapi?"

"Kumi na nne, shem. Hongereni."

Nilipompongeza akaacha utani, tukazungumza besiboli kwa muda mrefu. Yeye naye ana lake: timu yake haijawahi kutwaa World Series, ubingwa wa ligi nzima, na Oktoba ile Dodgers waliwafunga mechi nne mfululizo. Sisi angalau tunayo ya 1979, ingawa wengi wetu hatukuwepo. Kwake yeye nilijifunza jinsi Milwaukee wanavyowapenda wachezaji wepesi, wanaokimbia, wasiokubali kupigia mpira mbaya. Hayo hutayasikia ukikata simu.

Januari 2025 klabu iliandaa PiratesFest, tamasha la mashabiki wake, na mashabiki wakapata nafasi ya kuwauliza viongozi maswali. Ukibahatika kushika kipaza sauti katika mkutano kama ule, usitoe hotuba. Uliza Priester alibadilishwa nini alipofika Milwaukee, na kwa nini hakubadilishwa hapa. Kisha uliza ni mpigaji gani mliyemchukua akiwa kijana ambaye leo anapiga vizuri kuliko siku mliyompokea. Usikae mpaka wataje jina.