Prado mpya au V8 yuzdi toka Japani?

Mkuu umeuliza uchukue Prado mpya zero kilomita kwa dila au V8 yuzdi, ile Land Cruiser 200, kwa hela hiyohiyo. Mimi ningechukua yuzdi, ila sio yoyote.

Kwanza ujue V8 za 200 zilizouzwa Japani zilikuwa za petroli, kwahiyo mtu akikwambia anakuletea ya dizeli toka Japani muulize vizuri inatoka nchi gani hasa. Na hiyo petroli inakunywa kwelikweli, kama ruti yako ni Dar Dodoma kila wiki piga hesabu ya mafuta ya mwaka mzima kabla hujalipa hata senti.

Halafu umri. Gari ikizidi miaka 8 TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu, ingia kwenye kikokotoo chao uone mwenyewe, usimsikilize dalali. Omba karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani, ukiona gredi R au RA hiyo ilishagongwa ikatengenezwa, achana nayo hata kama inang'aa. Mimi niliwahi kupuuza hiyo karatasi, nikabadilisha shoo nzima ya mbele ndani ya miezi minne, iliniuma sana.

Tenga hela ya shokapu, matairi na sevisi kubwa mapema, kama unamaliza akiba yote kununua gari tu basi bora usubiri kwanza.

Mpya chukua kama utakaa nayo miaka 10 na unataka waranti, hapo nakuelewa kabisa.