Prague: noti yako isipite chini ya kioo kabla hujaambiwa utapata koruna ngapi

Mkuu, umeuliza kama siku tatu zinatosha Prague, mlale wapi wewe na rafiki yako, na kwenye ngome ya Prague muingie sehemu zipi. Halafu katikati umepitisha sentensi moja kana kwamba si kitu: "Tutabeba euro 400 taslimu kutoka Berlin, tutabadilisha pale kwenye uwanja wa mji mkongwe, kuna maduka hayakati kamisheni." Nimesoma hapo nikaacha nilichokuwa nafanya. Ngome imekaa pale tangu karne ya tisa, haiendi popote. Zitakazoondoka ni hizo euro 400.

Czech, nchi ambayo Prague ni mji wake mkuu, imo Umoja wa Ulaya tangu 2004 na Schengen, lile eneo la nchi zisizokaguana mipakani, tangu 2007, kwa hiyo kibali chako cha kuishi Ujerumani kinakuvusha bila viza nyingine. Lakini euro hawatumii, wanatumia koruna. Na pale mjini kuna watu wanaoishi kwa kumsubiri mtu kama wewe: katoka nchi ya euro, begi mgongoni, kachoka, anataka pesa ya chakula sasa hivi.

Sisi tulikwenda 2018, mimi na swahiba wangu, tukitokea Dresden. Kuna jamaa wa video za safari ambaye swahiba alikuwa anamwamini kuliko ramani. Alisema waziwazi: msitoe pesa kwenye mashine, benki zenu zitawakata, bebeni taslimu na mtafute bango la kamisheni sifuri. Tukalipata hatua chache kutoka kwenye saa kubwa ya kale iliyo pale uwanjani. Dirisha la kioo kinene, chini yake droo ya chuma. Juu bango la taa: kamisheni asilimia 0, na kwa tarakimu kubwa, koruna 25 na ushee kwa euro moja. Tukaweka euro 200 kwenye droo. Dada wa ndani akaivuta, akachapa risiti, akairudisha droo ikiwa na koruna 3,200.

Piga hesabu. Soko siku zile lilikuwa kama koruna 25 na nusu kwa euro, yaani tulistahili kama 5,100. Koruna 1,900 zimekatika, karibu euro 75, na hatujala hata mkate. Kwa wabeba mabegi hizo ni siku kadhaa za kula na kulala.

Tukauliza. Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya kioo, usawa wa kiuno, maandishi ya kuinamia. Kumbe kiwango cha bangoni ni kile ambacho wao wanakuuzia euro. Kununua yako ni 16. Kamisheni kweli hawakukata hata senti, maana faida yote imekaa kwenye kiwango. Tukaomba waturudishie noti zetu, tukaambiwa imeshapita, haiwezekani. Swahiba akaanza na Kiingereza, akamalizia kwa Kiswahili, foleni nyuma yetu inatazama.

Yule dada ni mwajiriwa, sina neno naye. Mwenye neno na mimi ni yule wa video. Chini ya video yake watu walikuwa wameandika kwamba wamepigwa palepale alipowaelekeza, wengine wameweka na picha za risiti. Hakufuta, hakurekebisha, hakujibu hata mmoja. Mtu anayekuonyesha njia ya pesa yako halafu akiambiwa njia ina shimo ananyamaza, huyo si mwongozaji. Na naona hata wewe maneno yako ni yaleyale, neno kwa neno, kwa hiyo bado yanazunguka.

Sasa shika hili moja, mengine yote usahau: kabla noti haijapita chini ya kioo, uliza "kwa euro hizi 100 nitapata koruna ngapi mkononi?" Mwambie aandike kwenye kikokotoo akuonyeshe. Usiulize kamisheni, usiulize kiwango, uliza kiasi cha mwisho. Kwenye simu uwe na kiwango cha siku hiyo, uzidishe mwenyewe. Namba zikiachana sana, sema asante uondoke na noti zako.

Na ikishatokea, usiondoke kinyonge kama sisi. Tangu Aprili 2019 sheria yao inakupa saa tatu za kuvunja mabadilishano yasiyozidi thamani ya euro 1,000, bila kutoa sababu. Unarudi duka lilelile na risiti, unadai euro zako. Kwa hiyo risiti usiitupe, na pesa uihesabu ukiwa bado mbele ya dirisha, si jioni kitandani.

Anayekufuata barabarani na kukwambia ana kiwango kizuri kuliko duka, hata usisimame. Hao hutoa forinti za Hungaria au rubo za zamani za Belarus. Noti ina sifuri nyingi, mgeni anafurahi, kumbe forinti 1,000 hazifiki hata koruna 100.

Lakini kwa nini ubebe taslimu kabisa? Kadi inapita karibu kila mahali. Ukihitaji pesa kidogo, tumia mashine ya benki yenyewe, iliyo ukutani kwa benki. Ikikuuliza kama ikubadilishie kwa euro, kataa, chagua ukatwe kwa koruna. Kwenye mgahawa wakikuletea kimashine cha kadi, jibu ni lilelile: koruna.

Ngomeni kutembea uani ni bure, tiketi ni ya kuingia ndani ya majengo. Kanisa kuu la Mtakatifu Vitus lilianza kujengwa 1344 likakamilika 1929, lipeni muda wake. Daraja la Karoli, la 1357, nendeni kabla jua halijachomoza, mtabaki nyinyi na zile sanamu 30. Ile saa ya kale ni ya 1410, na sanamu za mitume hupita kila inapogonga. Watu wote wanatazama juu, na mifuko inachunwa hapohapo, begi liwe kifuani. Vyšehrad, ngome nyingine ya kale ya mji, msiiache, wengi hawafiki, na watunzi wa muziki Dvořák na Smetana wamezikwa huko.

Basi la Berlin likiwashusha Florenc, kituo cha mabasi, metro iko palepale na mashine za tiketi zinapokea kadi. Gongeni tiketi kwenye kisanduku cha njano kabla ya kushuka ngazi, wakaguzi wapo. Mtafika mnakolala bila kuhitaji koruna hata moja ya noti, na asubuhi mkiwa hamjachoka ndipo mtafute benki.