Ladha ya Meursault, mfuko wa Tabata

SWALI: Shikamoo Anti. Kwenye hafla ya kumuaga bosi wetu tulimiminiwa mvinyo mweupe wa Kifaransa, Meursault. Anti, ule mvinyo una ladha ya siagi na karanga za kukaanga, haunitoki mdomoni mpaka leo. Nimeuulizia duka moja la Masaki, chupa karibu laki tatu! Mwezi ujao mume wangu anatimiza miaka 40, nataka kumpikia kamba wa nazi. Kuna wa kufanana nao ambao hautanimalizia mshahara? Dukani walitaka kuniuzia Chardonnay ya bei nafuu, nikakataa, nikawaambia nataka Meursault. Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa baba watoto. Hao wa dukani uliwakatalia bure. Meursault ni Chardonnay, zabibu nyeupe ile ile. Ni kijiji cha Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, na wenyeji wa huko huandika jina la kijiji kwenye chupa, la zabibu hawaliandiki. Anayejua anajua, asiyejua analipa.

Sasa tuione hiyo siagi inatoka wapi, maana ndiyo unayoitafuta. Zabibu yenyewe haina siagi. Mvinyo ukishachachuka, bakteria huugeuza ule ukali wa tufaha bichi kuwa tindikali laini ya maziwa, na hapo ndipo siagi inapozaliwa. Harufu ya karanga na mkate uliobanikwa inatokana na pipa la mwaloni, pamoja na mashapo ya hamira yanayoachwa ndani na kukorogwa mara kwa mara. Kazi hiyo inafanyika popote penye Chardonnay, pipa na mtu mvumilivu.

Hebu tupige hesabu. Pipa la Bourgogne linachukua lita 228, yaani chupa kama 300. Pipa jipya la Kifaransa tuseme euro 900. Gawa: euro tatu kwa chupa! Kumbe pipa silo linalokumaliza. Unalipia jina la kijiji, na kijiji ni kidogo wakati wanunuzi wanatoka dunia nzima. Ukitaka siagi bila jina, unaipata.

Nenda kwenye rafu za Afrika Kusini, utafute Chardonnay ya eneo la Robertson. Ardhi yake ina chokaa kama ya Bourgogne, na mvinyo wake unabaki na uchangamfu hata ukiwa umepitia kwenye pipa. Soma karatasi ya nyuma ya chupa kwa makini. Ukiona "Barrel Fermented", maana yake umechachukia ndani ya pipa lenyewe, na huo ndio utaratibu wa Meursault. Ukiona "Unwooded", haujagusa mbao, uache siku hiyo. Ukikuta imeandikwa "oak", yaani mwaloni, tu bila neno pipa popote, kuwa na shaka. Mvinyo mwingi wa bei ya chini hutumbukizwa vipande vya mwaloni kama majani ya chai, na harufu ya vanila hubaki juu juu bila kuchanganyika na kitu.

Lakini mimi nikipewa fedha zako, nachukua Chenin Blanc, zabibu nyingine nyeupe. Nilipokuwa nahudumia mezani, Arusha na baadaye Zanzibar, wageni waliokuja na majina makubwa midomoni walikuwa wakionjeshwa Chenin ya Afrika Kusini iliyolala kwenye pipa, wanaagiza chupa ya pili. Hakuna nchi yenye Chenin nyingi kuliko Afrika Kusini, hata Ufaransa ilikotoka. Ukibahatika kukuta chupa yenye muhuri wa "Certified Heritage Vineyards", mizabibu yake ina miaka 35 au zaidi, na mwaka iliopandwa umeandikwa hapo hapo kwenye muhuri. Kwa kamba wa nazi, hiyo hainishindi kuipendekeza hata mbele ya Mfaransa.

Mkiwa na ndugu anayekuja kutoka Ufaransa, mwagizie Limoux nyeupe. Huko kusini mwa Ufaransa sheria yao yenyewe inataka uchachukie ndani ya pipa la mwaloni, na bei haishtui.

Ya Dodoma je? Chenin inalimwa pale, na zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Mvinyo wake mweupe ulioandikwa "Dry" naupenda kwa changu wa kuchoma na ndimu, na bei yake ni rafiki kwa sababu mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za hapa nchini hutozwa ushuru mdogo kuliko wa kutoka nje. Ila siagi usiitafute humo, na neno "Sweet" likwepe siku ya kamba.

Ukishachagua, usichukue chupa iliyosimama dirishani inapigwa jua. Pitisha kidole juu ya mdomo wa chupa. Kizibo kikiwa kimejisukuma nje, joto limeshafanya kazi yake, irudishe. Nyumbani iweke kwenye friji, uitoe kama dakika kumi kabla ya kumimina. Barafu ndani ya glasi hapana, utaua hiyo karanga uliyoililia.

Na mtu akikucheka kwamba hukununua jina, mwambie kuwa mwaka 1976 mjini Paris majaji Wafaransa walionja bila kuonyeshwa chupa, wakaipa nafasi ya kwanza Chardonnay ya Chateau Montelena kutoka California, ikaziacha za Bourgogne. Siku hizi na hiyo nayo haishikiki kwa bei.

SWALI: Anti, Chardonnay ya boksi ni aibu? Tuko wawili tu nyumbani, chupa hatuimalizi. Msomaji wa Nyali, Mombasa

JIBU: Aibu ya nini, mwanangu? Mfuko wa ndani hunywea kadiri mnavyokinga, hewa haiingii, kwa hiyo ukikaa kwenye friji mnakunywa kwa wiki tatu hadi nne. Chupa iliyofunguliwa, hata ukiirudishia kizibo, siku ya tatu imeanza kuchoka. Angalieni tu tarehe iliyopigwa kwenye boksi, kwa sababu mvinyo wa boksi hautunzwi kwa miaka, na wageni wapeni kwenye jagi la kioo kama mnaona haya.