Maswali na Majibu: Nikisema katuni za Mtume zinaruhusiwa Denmark, nitakuwa nimezikubali?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wa tisa niko Aarhus, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mtihani wa lugha nimeshafaulu, sasa nataka kuomba uraia. Kuna kaka mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp anauza "majibu ya maadili" ya mtihani wa uraia. Anasema ukiulizwa habari za katuni za Mtume (S.A.W.) ujibu kuwa unazikubali, na kabla ya kuomba tufute kila tulichowahi kuandika kuhusu dini. Mimi niliwahi kuandika Facebook kuzilaani katuni zile. Je, nitanyimwa? Na nikijibu kuwa zinaruhusiwa, si nitakuwa nimekiri kuwa ni halali?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Huyo kaka usimpe hata kroner moja. Kila mtihani unapokaribia vishoka wa namna yake huibuka, na mtihani ukishapita mimi ndiye ninayeletewa watu walioharibiwa na ushauri wao. Naanza na hilo swali lako la mwisho, maana ndilo ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote na ndilo linalopotoshwa zaidi.

Mtihani wa uraia una maswali 45, na ili ufaulu unatakiwa upate 36. Matano kati ya hayo ni ya maadili, na hapo lazima upate manne, hata kama huko kwingine umepata yote. Hayo matano yaliingizwa mwaka 2021 na hayamo kwenye kitabu cha kujisomea, ndiyo maana biashara imenoga. Yanagusa uhuru wa kusema, usawa wa wanawake na wanaume, na nafasi ya dini mbele ya sheria. Lakini soma vizuri namna yanavyoulizwa. Yanauliza sheria ya Denmark inaruhusu nini, inakataza nini. Swali la moyo wako unapenda nini halimo.

Kule kwenu Tanga baa inapewa leseni na serikali. Mtu akikuuliza kama baa ile ya mtaani inaruhusiwa kisheria, utasema ndiyo, na hakuna shehe atakayekwambia kwa jibu hilo umekunywa pombe. Basi na hapa ni hivyo hivyo. Kusema kwamba gazeti la Denmark lina ruhusa ya kisheria kuchapisha mchoro fulani ni kutoa habari ya kweli kuhusu nchi unayoishi. Huyo kishoka anayewafundisha watu waseme "nazikubali" anawaongezea mzigo ambao serikali yenyewe haijawatwisha. Anawafundisha unafiki, tena kwa malipo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hadithi nzima ya katuni anaisimulia nusu. Jyllands-Posten, gazeti lenye makao huko huko kwenu Aarhus, lilichapisha michoro 12 tarehe 30 Septemba 2005. Mabalozi 11 wa nchi za Kiislamu wakaomba kuonana na Waziri Mkuu Anders Fogh Rasmussen. Akakataa, hoja yake ikiwa kwamba serikali haina mamlaka juu ya magazeti. Hapo ndipo vishoka wanapofunga kitabu. Hawakwambii kwamba Waislamu wa Denmark walipeleka malalamiko kwa waendesha mashtaka, wakaandamana, wakafungua kesi mahakamani Aarhus, wakashindwa, wakakata rufaa, wakashindwa tena mwaka 2008. Walishindwa, lakini mlango wa mahakama ulikuwa wazi kwao kama kwa mtu mwingine yeyote.

Wala hawakwambii kilichomo kwenye uamuzi wa Machi 2006, pale mkuu wa waendesha mashtaka wa nchi alipokataa kulishtaki gazeti. Humo humo aliandika kuwa gazeti halikuieleza sheria kwa usahihi lilipodai kwamba kutaka hisia za dini ziheshimiwe ni kwenda kinyume na uhuru wa kusema, na kwamba kila mtu awe tayari kukejeliwa na kudhihakiwa. Kwa hiyo hata ofisi iliyolinusuru gazeti haikusema kwamba uhuru huo hauna mwisho. Kifungu cha 77 cha katiba yao kinakataza serikali kukagua maandishi kabla hayajatoka, lakini kinamwacha mwandishi awajibike mahakamani kwa alichoandika.

Sasa geuka upande wa pili, maana kuna vishoka wa aina nyingine, hawa wa mimbari za TikTok. Wanatangaza kwamba tangu 2023 Denmark imekataza kuutukana Uislamu, kwa hiyo ukiona mchoro piga simu polisi. Si kweli. Sheria iliyokataza kukufuru, kifungu cha 140 cha sheria ya jinai, ilifutwa Juni 2017 na haijarudi. Kilichopitishwa tarehe 7 Desemba 2023, kwa kura 94 dhidi ya 77, ni katazo la kukitendea isivyostahili, hadharani au kwa nia ya kusambaza, kitabu chenye uzito mkubwa kwa dini inayotambuliwa: kukichoma, kukichana, kukikanyaga. Adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi miaka miwili. Kinalinda Qur'ani, kinalinda na Biblia na Torati. Tena kiliwekwa ndani ya kifungu kile kile kinacholinda bendera za mataifa ya nje, kwa sababu wasiwasi wa serikali ulikuwa usalama wa nchi na uhusiano wake na wengine. Kuchora, kuandika na kusema maneno makali juu ya dini hakukuguswa. Ukijibu mtihani kwa elimu ya TikTok, utakosa.

Tuje kwenye maandishi yako ya Facebook. Kulaani katuni ni kutumia uhuru ule ule aliotumia mchoraji. Kama uliandika kwamba umeumia, kwamba wahariri wale hawana adabu, kwamba gazeti lao hutalinunua maisha, hakuna kosa hapo na sioni sababu ya kufuta hata herufi moja. Mpaka upo kwingine. Kutishia mtu ni jinai. Kuunga mkono ugaidi waziwazi ni jinai chini ya kifungu cha 136. Kutukana au kudunisha kundi la watu hadharani kwa sababu ya rangi, asili au imani yao kunaangukia kifungu cha 266b, na humo Wayahudi wanalindwa kama unavyolindwa wewe. Mwaka 2010 mtu aliingia na shoka nyumbani kwa Kurt Westergaard, mmoja wa wachoraji wale. Ikiwa kwa hasira za siku zile uliandika "alistahili", hilo ni jambo jingine kabisa, na kufuta hakukusaidii, maana skrinshoti haifutiki. Majina ya waombaji hupitishwa kwa idara ya usalama, PET, kabla hayajaingia bungeni. Yaliyoandikwa ya namna hiyo yapeleke kwa wakili mwenye leseni, yakiwa na tafsiri, kabla hujalipa ada ya maombi, kwa sababu ada hiyo hairudishwi.

Na usidanganye kwenye fomu kwa kuwa kishoka amekwambia "hawatajua". Uraia uliopatikana kwa udanganyifu mahakama inaweza kuuvua, hata baada ya miaka mingi.

Nimewahi kuletewa kijana aliyenyoa ndevu na kubadilisha jina la mwanawe kwa ushauri wa watu hawa. Karatasi ya kuchagua jibu haioni ndevu, wala haioni hijabu. Hijabu ya kichwani haikatazwi. Kilichopigwa marufuku tangu tarehe 1 Agosti 2018 ni kufunika uso hadharani, na faini ya kosa la kwanza ni kroner 1,000. Mimi naiona ni sheria iliyotungwa kutafutia kura, nimelisema hilo hadharani na sijaitwa popote. Naona pia kwamba sheria kadhaa za miaka hii, kama ile inayowabana wahubiri kwa yale wanayoyafundisha, zinawaangukia Waislamu kuliko wengine hata kama dini yetu haikutajwa ndani yake. Unaweza kuyaamini hayo yote, ukayasema, na ukawa raia mwaminifu wa Denmark. Tamko la utii unalotia sahihi linakufunga kwa nchi na sheria zake. Halikufungi kuwapenda wanasiasa wake.

Wakati watu wanakesha kubishana juu ya katuni, maombi yanaangushwa na mambo ya kawaida kabisa. Faini ya barabarani inayofika kroner 3,000 inaweza kukurudisha nyuma miaka kadhaa. Kifungo chochote, hata cha nje, kimekuwa kizuizi cha kudumu tangu 2021. Uwe umefanya kazi ya muda wote kwa jumla ya miaka mitatu na nusu katika minne iliyopita. Uwe hujapokea ruzuku ya kujikimu katika miaka miwili ya mwisho, na isizidi miezi minne katika miaka mitano. Hayo hakuna kishoka anayeyauza, kwa sababu hayana jibu la mkato. Yaangalie kwenye hati zako za mshahara usiku huu huu.

Bunge ndilo linalotoa uraia, kwa sheria, na jina lako litachapishwa ndani ya mswada, kwa hiyo usishangae watu wakiliona. Baada ya hapo kuna hafla ya manispaa, ambako lazima mpeane mkono na mwakilishi wao, kiganja kwa kiganja. Kishoka akikwambia uvae glovu, anakudanganya hapo pia. Kama jambo hilo ni zito kwako kidini, liamue kabla ya kuomba, usingoje mpaka umefika ukumbini. Vitabu vya kujisomea na mitihani iliyopita vimo bure kwenye tovuti ya idara ya serikali inayosimamia mtihani.

Kuna swali moja hukuniuliza, na Watanzania wengi hawaniulizi mpaka wameshachelewa. Denmark inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu tarehe 1 Septemba 2015. Tanzania haimruhusu mtu mzima, tofauti na majirani zenu wa Kenya. Siku utakapopata huo mpya, ule wa kwenu unaupoteza, na sheria ya ardhi ya Tanzania haimhesabu asiye raia sawa na raia. Kama kuna kiwanja Tanga kwa jina lako, kaa na wazee wa nyumbani na mwanasheria wa huko kabla hujajaza fomu.