Seva Itoe Data, Skrini Iamue Mwonekano

Wewe unayeanza kutengeneza mifumo ya wavuti, zoea mapema kwamba huduma, yaani programu inayojibu maombi kwenye seva, hutoa data, na mwonekano ni kazi ya ukurasa au programu ya simu. Seva ikirudisha kipande cha HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) chenye jedwali na rangi, imekihudumia kivinjari peke yake. Programu ya simu ikihitaji majina yaleyale, mtu atalazimika kuyachokonoa ndani ya lebo za HTML, na kazi yake itaharibika mara ukurasa utakapobadilishwa.

Hilo wengi hulielewa haraka. Linalowaponyoka ni data iliyokwisha kupambwa. 03/04/2024 ni Aprili kwa msomaji wa Uingereza, na Machi kwa wa Marekani. Tuma 2024-04-03T09:30:00Z, kwa kufuata ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa. Z inaonyesha saa ni za UTC, saa za rejea za dunia nzima, na kila skrini itaigeuza tarehe hiyo kulingana na lugha na saa za eneo la mtumiaji wake. Fedha nazo zitume kama namba, na sarafu katika sehemu yake, maana Ujerumani nukta na mkato hubadilishana kazi katika namba: 1,000.50 huandikwa 1.000,50. Kitu kisipopatikana, jibu kwa 404, msimbo wa kusema hakikupatikana. Usitume 200, msimbo wa kusema ombi limefaulu, yenye sentensi ya kuomba radhi.

Ila usitenganishe kupita kiasi. Kukokotoa punguzo au kuamua nani aruhusiwe kufuta rekodi si mwonekano. Hayo yabaki kwenye seva, kwa sababu msimbo ulio kwenye kivinjari mtumiaji anaweza kuubadilisha, tena tovuti na simu zitaanza kutoa majibu yasiyolingana. Na hapa nakusihi sana: kutokuionyesha data kwenye skrini si kuificha. Namba ya simu ya mteja ikiwa ndani ya JSON (muundo wa maandishi wa kubebea data), yeyote anayejua kufungua zana za kivinjari ataisoma. Chuja kabla ya kutuma.

Kuhusu muundo, JSON inatosha kwa kazi nyingi. SOAP (itifaki ya kubadilishana ujumbe) na XML (muundo wa data unaotumia lebo) utazikuta kwenye mifumo ya zamani, jifunze kuzisoma.

Kabla hujagusa ukurasa, iite huduma yako kwa curl, programu ya mstari wa amri inayotuma maombi kwa seva. Jibu likieleweka bila skrini, endelea. Baadaye ukitaka kubadilisha jina la sehemu ya data, ongeza jipya na uliache la zamani kwa muda, kwani kuna simu ambazo bado hazijasasishwa.