Kicheche aliyelegea: mpe joto kwanza, maziwa achana nayo

Mkuu, umesema umemuokota kicheche, yule mnyama mdogo wa porini anayetoa harufu kali, huko Urambo nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, amelegea, hali chakula, anaharisha, unauliza umpe maziwa gani. Usimpe maziwa yoyote. Nimejitolea miaka mitatu kwenye kituo kidogo cha kulea wanyama hapa Tabora na kicheche wa kwanza kuletewa tulimuua wenyewe kwa maziwa ya ng'ombe, tulimhurumia tukamnywesha akiwa wa baridi kabisa, asubuhi tukamkuta kafa maziwa yamemtokea puani. Nikikumbuka mpaka leo naumia.

Kwanza kabisa, kakung'ata? Au ulimkuta mchana kweupe anafuata watu bila uoga huku mate yanamtoka? Kama ndiyo usimguse tena, kichaa cha mbwa sio cha kubahatisha, kidonda osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali leoleo ukachanjwe. Kama hapana, mshike kwa taulo nene tu.

Wa pili aliletwa mwezi wa saba na mrina asali, yuko ndani ya kiroba, na baridi ya usiku ya huku kipindi kile unaijua. Masikio ya baridi, nyayo za baridi, ukivuta ngozi ya shingoni inabaki imesimama hairudi, hapo ujue maji yamemwisha mwilini. Tukamlaza kwenye boksi lenye matundu, chupa ya maji ya moto tumeizungushia kanga, tumeiweka upande mmoja tu ili joto likimzidi ajisogeze mwenyewe, na hatukumtia kitu mdomoni mpaka tumbo lake likapata moto, ilichukua kama saa moja na nusu. Mnyama akiwa wa baridi tumbo halisagi kitu. Ndo tukaanza ORS, ile dawa ya unga ya kuharisha inayochanganywa na maji, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone tone pembeni ya shavu, akimeza unaongeza, asipomeza unaacha maana yataenda kwenye mapafu. Jioni daktari wa mifugo akaja akamwekea maji chini ya ngozi, akapima kinyesi akakuta minyoo kibao, ila dawa ya minyoo akasema tusubiri apate nguvu kwanza. Panadol usithubutu.

Daktari alitufundisha kwa kumfananisha na fereti, yule ndugu yake kicheche anayefugwa majumbani Ulaya na Marekani. Utumbo wake mfupi, chakula kinapita kwa masaa matatu manne tu, kwa hiyo tulimlisha kidogo kidogo kila masaa mawili hata usiku, supu ya kuku isiyo na chumvi wala kitunguu, kiini cha yai, baadaye maini yaliyosagwa. Ugali hapana, huyu ni mla nyama. Mwenzetu mmoja alikuwa na mafua akaambiwa asisogee kabisa, fereti anaambukizwa mafua yetu sisi binadamu, tena mwaka 1933 wanasayansi Uingereza walivigundua virusi vya mafua ya binadamu kwa kutumia haohao fereti.

Na mbwa wako wafungie mbali. Distempa, ugonjwa wa virusi wanaoueneza mbwa, mwaka 1994 iliua simba kama 1,000 kule Serengeti, fereti akiipata ndo hivyo haponi, usimjaribie na kicheche wako.

Siku ya tano nafungua boksi nibadilishe chupa, akanigeuzia mgongo, mkia ule mweupe manyoya yote yakasimama, akaniachia harufu yake yote. Kanga tuliifua mara nne haikutoka. Nililia kwa furaha jamani, maana siku zote nne nilikuwa namgeuza kama kitambaa na hakuwa na nguvu hata ya kukasirika.

Hao wanaokwambia umuue kisa anakula vifaranga siwaungi mkono, chakula chake kikubwa ni wadudu na panya, na panya ndo wanaokumalizia mahindi ghalani. Ila usimfiche nyumbani, kesho asubuhi nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya umweleze ulivyomkuta, sheria ya wanyamapori ya 2009 hairuhusu kukaa naye bila kibali. Wa kwetu alirudishwa porini jioni moja baada ya wiki sita, hakugeuka nyuma.

Chemsha maji sasa hivi mkuu, weka chupa, halafu rudi hapa utuambie masikio yameanza kupata joto au bado.